Gogo moja, mikato miwili: spishi mpya ya kangaga mti inajulikanaje?

Kuna njia moja pale juu ya Amani, Usambara Mashariki, ambako kangaga mti lilianguka kipindi cha mvua likaziba njia, na vijana wa msitu wakalikata kwa msumeno ili watu wapite. Walikata sehemu mbili. Moja karibu kabisa na ardhi, nyingine huko juu yalikoanzia majani, kile kipande cha katikati wakakisukumia bondeni.

Nikachuchumaa kwanza kwenye mkato wa chini. Ulikuwa mweusi karibu wote, mizizi myembamba migumu imesongamana hata kijiti hakipenyi, na shina lenyewe limo katikati, dogo, kiganja kinalifunika. Afu nikaenda kwenye mkato wa juu. Huku mizizi karibu hakuna. Shina ni nene, katikati kuna moyo mweupe laini unaobonyea ukiugusa, na kuuzunguka kuna mikanda ya mishipa iliyojikunjakunja, kila mkanda una rangi ya kahawia na umebanwa pande zote mbili na tishu nyeusi ngumu ambayo msumeno umeiacha inang'aa. Nje kabisa kuna alama za vikonyo vya majani, zimejipanga vizuri tu.

Gogo moja. Mti mmoja.

Na hiyo mikato miwili ungeniletea kwenye mifuko tofauti bila kuniambia imetoka wapi, ningekuwa na kila sababu ya kuiandikia majina mawili.

Wakati huo nilikuwa nasoma sana mambo ya visukuku (mabaki ya kale yaliyogeuka mawe) vya makangaga miti, na maelezo mengi yanaanza hivihivi: tumepata kipande cha shina, majani hakuna, spora (chembe za uzazi) hakuna, tumekata, tumetazama seli, tumelinganisha, hii ni spishi mpya. Nilikuwa nasoma nakubali. Baada ya lile gogo sikuweza tena kukubali kirahisi, swali likawa linanifuata kila mahali, mpaka kwenye daladala nakaa nachora miduara nyuma ya risiti. Hawa watu wanajuaje kwamba hawajashika tu sehemu nyingine ya mti ambao tayari una jina?

## Jiwe lililobaki na seli

Mambo ya kisukuku ni nini naruka, mnayajua. Ninachotaka tushike ni kwamba visukuku ninavyozungumzia hapa si alama ya jani kwenye mwamba. Ni mti ambao maji yenye madini yaliingia ndani ya seli zake kabla haujaoza, madini yakaganda humo, na leo ukikata jiwe unaona ukuta wa seli moja moja.

Chemnitz, mashariki mwa Ujerumani, ni mojawapo ya sehemu zinazosifika kwa hilo. Kama miaka milioni 291 iliyopita volkano ililipuka ikafukia msitu mzima, na silika, yaani yale madini yanayoganda ndani ya seli, ikafanya kazi yake. Watu wa kule waliokota mawe hayo toka zamani, wakayakata na kuyang'arisha kwa sababu ni mazuri, yana madoadoa na vinyota. Mwaka 1832 Bernhard Cotta, kijana wa miaka ishirini na kitu, akatoa kitabu kuhusu miti ya mawe akiipanga kwa muundo wake wa ndani, na humo ndo jina Psaronius likaanza. Mpaka leo ndo jina la jenasi (kundi la spishi za karibu) ya kangaga mti maarufu kuliko zote za enzi za Kaboni na Pemi.

Marekani, hasa Illinois, hali ni tofauti kidogo. Kule Psaronius wanapatikana ndani ya mabonge ya chokaa yaliyoganda katikati ya makaa ya mawe. Bonge unalikata kwa msumeno wa almasi, unasugua uso wake mpaka uwe laini, unauchovya kwenye asidi ya haidrokloriki iliyopunguzwa makali kwa sekunde chache tu, unasuuza, unaacha ukauke, unamwaga asetoni, unalaza karatasi ya plastiki ya asetati juu yake. Ikikauka unaibandua. Kuta za seli zinatoka nayo. Unaweka chini ya hadubini moja kwa moja.

Afu unarudia. Jiwe lilelile, unasugua kidogo, asidi, asetoni, karatasi nyingine.

Nimekaa hapo makusudi. Hii mbinu, ambayo Joy, Willis na Lacey waliielezea mwaka 1956, inakuwezesha kupanda ndani ya shina hatua ndogondogo, ukimfuata mshipa mmoja unavyojitenga na shina mpaka unavyoingia kwenye kikonyo cha jani. Mkato mmoja ni picha. Mikato mingi iliyofuatana inaanza kukuambia mti ulivyokua, na bila hiyo swali langu lisingekuwa na jibu hata la kubahatisha.

## Ndani ya Psaronius

Ukimkata Psaronius katikati ya shina unakuta mikanda ya mishipa iliyopangwa kwa mizunguko, mmoja ndani ya mwingine. Mikanda ya nje inatoa mishipa ya kwenda kwenye majani, mara nyingi yenye umbo la herufi C au U. Hakuna mbao. Huu mti haunenepi kama mwembe au mvule unavyonenepa, haujiongezei zailemu (tishu inayopitisha maji) mwaka hadi mwaka. Unene ulionao pale chini unatokana na mizizi.

Mizizi inatoka kwenye shina juu huko, inateremka imelikumbatia shina, inaongezeka jinsi inavyoshuka. Ile ya ndani imeshikamana kabisa, imezungukwa na tishu inayoigandisha pamoja, na ile ya nje iko huru. Kila mzizi ukiukata una nyota ya zailemu katikati, na kuizunguka kuna tishu yenye matundu ya hewa, jambo linaloeleweka kwa mti uliosimama kwenye kinamasi.

Sasa mtu anayetaka kusema hii ni spishi mpya anaangalia nini? Anaangalia majani yalipangwaje, safu mbili zinazotazamana, au safu nne, au kuzunguka shina lote. Mizunguko ya mikanda iko mingapi. Shina lina ala ya tishu ngumu kwa nje au halina. Mshipa wa jani uko wazi au umejifunga. Mizizi ina tishu ngumu kwenye ganda au ina matundu tu. Kuna mifereji ya ute au hakuna.

Orodha nzuri. Na niliposoma kipengele cha pili, idadi ya mizunguko, nikakumbuka mikato yangu miwili nikasema hapa pana shida.

## Shina lililosimamia ncha

Shida hiyo iliguswa zamani kabla mimi sijazaliwa. Jeanne Morgan mwaka 1959 alitoa kazi kubwa kuhusu spishi za Psaronius za Marekani, na alichofanya ni kuacha kuutazama kila mkato kama mti unaojitegemea. Akaipanga mikato kama vimo tofauti vya mti wa aina moja.

Kilichotokea ni mti wa ajabu. Shina la Psaronius ni koni iliyogeuzwa, imesimamia ncha. Chini kabisa, pale mti ulipoanza maisha ukiwa mche, shina ni jembamba na mishipa yake ni michache na rahisi. Jinsi unavyopanda shina linapanuka na mizunguko ya mikanda inaongezeka. Mizizi ni kinyume chake, juu ni michache, chini ni mingi mno. Kwa nje gogo linaonekana nene chini kama mti wowote, ila hiyo ni mizizi, shina halisi limebanwa humo ndani dogo kabisa.

Yaani mti uleule una mizunguko michache chini na mingi juu.

Hebu fikiria maana yake kwa mtu aliyeketi na kipande kimoja cha jiwe, chenye urefu wa sentimita chache, akihesabu mizunguko. Ile hesabu inaweza kuwa inamwambia spishi. Inaweza pia kuwa inamwambia msumeno umepita kimo gani. Na vipande vingi kwenye makusanyo ya zamani havikuja na maelezo ya kimo.

Mimi naiona kazi hii ya Morgan kama mahali ambapo fani yenyewe iligeuka, ingawa haitajwi sana nje ya wahusika. Toka hapo mwenye kipande hawezi tena kutosheka na kusema ni tofauti. Lazima kwanza auondoe uwezekano wa kimo.

Na si kimo peke yake.

## Wapangaji

Rudi kwenye makangaga miti yetu yaliyo hai. Panda Uluguru au Usambara ukatazame gogo lililosimama: limejaa kuvu, okidi, vikangaga vidogo, miche ya miti mingine imeota humo kwenye mizizi kwa sababu inashika maji vizuri. Psaronius alikuwa hivohivo. Ronny Rößler wa makumbusho ya Chemnitz alichapisha mwaka 2000 kazi inayomwelezea Psaronius kama mfumo mzima wa ikolojia, na ndani ya mizizi yake kulikuwa na mashina ya mimea mingine, mfano Ankyropteris aliyekuwa anapanda na Tubicaulis aliyeishi juu ya miti.

Uzuri wake ni mkubwa, ila kwa mwenye kutambua spishi ni hatari. Ukikata kipande cha pembeni, ukaona kishina kidogo kimezungukwa na mizizi, hicho ni cha nani? Ni tawi? Ni mche? Ni mgeni aliyepanga humo?

Afu kuna wadudu. Labandeira na Phillips mwaka 1996 walieleza uvimbe kwenye vikonyo vya Psaronius kutoka Illinois, wa miaka kama milioni 300 iliyopita: buu la mdudu liliingia ndani ya kikonyo likala tishu laini, na mti wenyewe ukajibu kwa kuotesha tishu isiyo ya kawaida kuzunguka jeraha. Ile tishu ni ya mti, seli zake ni za mti, lakini si tabia ya spishi. Ni ugonjwa. Kwenye mkato mmoja inaweza kukupotosha vizuri tu.

Na mfano mkubwa kuliko yote ni Tempskya wa enzi ya Kretasia. Ukiona gogo lake unaona gogo la kangaga mti, unene wa kutosha, gamba la mizizi, kila kitu. Ukilikata hukuti shina katikati. Unakuta vishina vingi vidogo, kila kimoja na mshipa wake wa duara na majani yake madogo, vimetapakaa ndani ya bonge la mizizi inayovishikilia vyote pamoja. Gogo zima ni la uongo, ni kundi la vishina limejifunga. Kipande cha mmea huu kutoka Uingereza kilipoelezewa mwaka 1824 kiliitwa Endogenites, maana walikiona kama kitu cha kundi la minazi. Corda ndo akaleta jina Tempskya mwaka 1845, na spishi nyingi za Marekani zikapangwa na Read na Brown mwaka 1937, kwa anatomia tupu, kwa sababu kingine cha kushika hakikuwepo.

## Yule mrefu si ndugu

Hapa nilikuwa nimeshaanza kukata tamaa kidogo. Kama kimo kinabadilisha anatomia, wapangaji wanachanganya, majeraha yanadanganya, basi jina la spishi lina uzito gani?

Kilichonigeuza si kisukuku, ni mmea hai wa kwetu.

Muda wote huo nilikuwa natumia kangaga mti la Usambara, Cyathea manniana, kama dirisha la kumtazamia Psaronius. Urefu ule, mizizi ile, majani yale kileleni. Ila Psaronius si wa ukoo huo kabisa. Yeye ni wa Marattiales, kundi jingine la makangaga. Na ndugu wa Marattiales aliyepo kwenye misitu yetu ni Marattia fraxinea, ambaye wengine siku hizi wanamwita Ptisana fraxinea, lile kangaga kubwa linaloota kwenye vivuli karibu na vijito, halina gogo la kusimama, limekaa tu chini na bonge la nyama na majani makubwa kumpita mtu. Kila kikonyo pale chini kina vibawa viwili vinene vya nyama. Geuza jani utazame mgongoni: vifuko vya spora vimeungana kuwa kitu kimoja kigumu chenye vyumba, havijatawanyika kama kwa Cyathea.

Kwa umbo, huwezi kuwaweka nyumba moja yeye na Psaronius. Mmoja ni mti wa kufika mita 10 hivi, mwingine hana hata shina la kukalia.

Kwa anatomia ni jamaa. Mikanda ya mishipa mizunguko kwa mizunguko, mizizi yenye nyota ya pembe nyingi, vifuko vya spora vilivyoungana.

Nilikaa sana na hili. Umbo la nje, lile tunaloliona kwa macho na kuliamini, ndo lililokuwa linanipoteza, na zile seli nilizoanza kuzishuku ndo zilizokuwa zinashikilia ukoo kwa karibu miaka milioni 300. Kwa hiyo swali langu lilikuwa limekaa vibaya. Cha kuuliza ni kipi ndani ya anatomia kinabadilika na kimo, na kipi hakibadiliki.

## Tofauti ya aina gani

Chukua DiMichele na Phillips, mwaka 1977. Walieleza Psaronius wa mzunguko mmoja tu kutoka tabaka za chini za Pensilvania (kipindi cha mwisho cha enzi ya Kaboni) kwenye bonde la Illinois, na mmojawapo ndo Psaronius simplicicaulis. Mtu wa haraka angesema hizo ni sehemu za chini za miti ya kawaida. Mzunguko mmoja, shina dogo, si ndo ile ncha ya chini ya koni?

Jinsi ninavyoielewa hoja inayoweza kusimama hapo: usihesabu mizunguko peke yake, tazama inaendana na nini. Kitako cha mti mkubwa ni sehemu ya utoto, kwa hiyo mishipa ya majani inayotoka pale itakuwa midogo, ya majani ya mche. Ukikuta mzunguko mmoja unaotoa mishipa mikubwa ya majani yaliyokomaa, huo si utoto tena. Huo ni mti uliokua mpaka ukawa mtu mzima ukiwa na mzunguko mmoja. Idadi ikisimama peke yake ni dhaifu. Idadi ikikamatana na ukubwa wa jani na upangaji wa majani inakuwa ushahidi.

Au Grammatopteris freitasii, ambaye Rößler na Galtier walimtangaza mwaka 2002 kutoka Pemi ya kaskazini mwa Brazil. Jenasi hiyo ilikuwa inajulikana Ulaya tu, Autun kule Ufaransa na Chemnitz. Ni vikangaga miti vidogo, shina lake katikati lina zailemu iliyojaa, mizunguko ya mikanda hakuna, na mishipa ya majani imelala kama mistari. Kwa huyu hata swali la kuwa labda ni Psaronius aliyekatwa chini linajibika, maana vikonyo vingi vilivyolizunguka shina na umbo la mshipa wa jani ni vya mpango mwingine kabisa, na ukimfuata mshipa kutoka ndani kwenda nje unaona anavyobadilika hatua kwa hatua kwa namna inayomsogeza kwenye ukoo wa Osmundaceae.

Na kuna kisa cha Sweden ambacho kinanifurahisha kila nikikikumbuka, ingawa si mti mrefu bali shina fupi la ukoo huohuo wa Osmundaceae. Miaka ya 1960 mkulima Gustav Andersson aliokota kisukuku pale Korsaröd, mkoa wa Skåne, kikaenda makumbusho ya taifa, kikakaa miongo. Mwaka 2014 Bomfleur, McLoughlin na Vajda wakatangaza kwenye jarida la Science kwamba ndani yake, baada ya miaka milioni 180, kuna viini vya seli na hata kromosomu, seli zimekamatwa zikiwa katikati ya kugawanyika, na walipopima viini wakaona havitofautiani na vya ndugu zake walio hai leo.

Dunia nzima ikazungumzia viini.

Jina lenyewe, Osmunda pulchella, lilikuja rasmi mwaka 2015, na unajua lilisimama juu ya nini? Juu ya anatomia ya shina na vikonyo, na kwenye ukoo huu kinachotenganisha spishi sana ni jinsi nyuzi za tishu ngumu zilivyojipanga kwenye kitako cha kikonyo na vibawa vyake. Tishu ngumu ambayo mtu hawezi kuiwekea picha ya mbele ya gazeti. Na kutoka hapo wakaona mmea una mchanganyiko wa tabia ambazo leo zimegawanyika kwa matawi tofauti ya ukoo.

Ndo maana siku hizi nikikutana na spishi mpya kitu cha kwanza natafuta walikata kikonyo mara ngapi na kwa umbali gani kutoka shinani. Hicho kipengele kikiwa kimepita kwa sentensi moja, naweka alama ya kuuliza pembeni.

## Majina ya vipande

Kuna jambo moja bado linanisumbua na sidhani litaisha.

Psaronius ni jina la shina. Vikonyo vyake vikipatikana vimeachana na shina vina jina lao, Stipitopteris. Majani yake yaliyobanwa kwenye mwamba ni Pecopteris. Majani yenye vifuko vya spora vilivyohifadhiwa seli ni Scolecopteris. Uso wa gogo wenye makovu ya majani unaitwa Caulopteris kama makovu yanazunguka, Megaphyton kama yamekaa safu mbili. Mti mmoja, meza nzima ya majina, na kila jina lina spishi zake.

Kwa hiyo ukisema umepata spishi mpya ya Psaronius, unasema shina hili halijawahi kuelezwa. Husemi mti huu haujawahi kuelezwa. Inawezekana majani yake yana jina toka karne ya 19 na yamo kwenye droo ya jengo hilohilo. Njia ya kuunganisha ni kupata kipande ambapo kitu kimeshikamana na kingine, kikonyo kikiwa bado kwenye shina, jani likiwa bado kwenye kikonyo, na vipande vya hivo ni adimu kuliko vinavyotakiwa.

Wapo wanaoona huu ni mvurugano na majina yapunguzwe. Mimi siko upande huo. Kuunganisha majina mapema bila kipande kinachoshikamana ni kubuni mti, na mti uliobuniwa unakaa vitabuni miaka mingi, watu wanachora picha zake, wanahesabu urefu wake. Bora majina sita ya kweli ya vipande sita.

## Nywele

Namalizia na shina la Kanada, kwa sababu hili ni la ukoo wa makangaga miti kama yale ya Usambara na limenisaidia zaidi ya yote.

Kwa mimea hai kuna alama ambazo mtu wa misitu anazijua hata gizani. Cyathea ana magamba kwenye vikonyo na kileleni. Dicksonia na Cibotium, makangaga miti ya jenasi nyingine, wana nywele, laini, za dhahabu au kahawia. Ndani pia wanatofautiana. Kwa Dicksonia mshipa wa jani unatoka shinani ukiwa mkanda mmoja uliojikunja kama mfereji, kwa Cyathea unatoka umeshakatika vipande vingi vidogo, na moyoni mwa shina kuna vimishipa vilivyotawanyika. Ukiwa na mti hai mbele yako, alama zinakubaliana na huna ugomvi.

Mwaka 2004 Stockey na Rothwell walieleza shina la kangaga mti la Kretasia ya juu (sehemu ya mwisho ya enzi hiyo) kutoka British Columbia, wakaliita Rickwoodopteris hirsuta. Lina nywele. Miaka mitano kabla, wao wawili pamoja na Lantz walikuwa wametoa lingine la Kretasia ya chini kutoka California, Conantiopteris schuchmanii. Na kazi hizi zinachoonyesha ni kwamba ukirudi nyuma kiasi hicho alama tunazozitegemea leo hazijajigawa vizuri, unaweza kukuta alama ya huku na alama ya kule kwenye shina moja.

Hapo mtu ana njia tatu. Anaweza kuchagua alama moja, tuseme nywele, akalisukuma shina upande wa Dicksonia. Anaweza kuchagua mishipa akalisukuma upande wa Cyathea. Au anaweza kusema mchanganyiko huu haupo kwa mmea wowote tunaoujua, hai wala kisukuku, na huo mchanganyiko wenyewe ndo unaolipa jina.

Wao walichukua njia ya tatu. Wakatoa jenasi mpya na spishi mpya, na kwenye ukoo wakaandika Cyatheaceae, ukoo wa akina Cyathea, kwa maana pana, yaani mlango wameufungua lakini chumba hawajachagua. Nilisoma maneno hayo mara ya kwanza nikayaona kama kukwepa. Sasa naona ndo sehemu iliyoandikwa kwa uangalifu kuliko zote, kwa sababu nywele hazibadiliki kuwa magamba ukipanda mita mbili, na umbo la mshipa unapotoka shinani ukilifuata mkato kwa mkato halitokani na mpangaji wala jeraha, hivyo spishi wanaweza kuitetea, ila ukoo kwa maana finyu bado unadai shina lingine, safari hii likiwa na majani yake.